Acheni Kuuliza Nia ya Mpigaji

Hapa tumezoea riwaya, diwani na tamthiliya. Leo naomba tusome kitabu ambacho hakitaingia kwenye orodha yoyote ya vitabu bora vya mwaka: kitabu rasmi cha kanuni za besiboli ya Marekani. Na ndani yake tusome kanuni moja tu, namba 6.03(a)(3), ile inayohusu mpigaji anayemwingilia mdakaji wakati mdakaji anarusha mpira. Ni kanuni iliyoanza vizuri, kisha ikaharibiwa na neno moja lililopenyezwa kwenye maelezo yake. Neno lenyewe ni kukusudia.

Si mimi wa kwanza kuisoma besiboli kama maandishi. Mwaka 1975 jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha makala fupi, bila jina la mwandishi, iliyofananisha kanuni moja ya mchezo huu na namna sheria za Kiingereza zilivyokua kutoka kesi hadi kesi. Baadaye ikajulikana kuwa mwandishi alikuwa William S. Stevens, wakati huo mwanafunzi wa sheria. Makala ile ya kurasa chache inasomwa mpaka leo. Kwa hiyo msinione nimepotea njia.

Niweke madai yangu mezani kabisa, anayetaka kugomba ajiandae. Uwanjani, mwamuzi aamue kwa kilichotendeka. Nia ya mchezaji waachiwe watu wa nidhamu, mchezo ukishaisha. Kanuni ya mpigaji inalikubali jambo hili katika sentensi yake kuu, halafu inalikana kwenye maelezo, na anayelipia ukanaji huo ni mtu mmoja: mdakaji.

Kwa ambao besiboli wameiona kwenye filamu tu, hebu tupange watu. Mrushaji anasimama kwenye kilima, futi 60 na inchi 6 kutoka besi ya nyumbani. Mpigaji anasimama pembeni ya besi hiyo, ndani ya boksi lililochorwa chini, upana futi 4 na urefu futi 6, ameshika gongo. (Gongo la mbao jamani, siyo lile la chupa.) Nyuma yake kachuchumaa mdakaji, kavaa barakoa na kinga za kifua na miguu. Nyuma ya mdakaji kasimama mwamuzi. Watu watatu wamebanana kama abiria wa siti ya nyuma, na mmoja wao anazungusha mti kwa nguvu zake zote.

Sasa tuseme kuna mkimbiaji wa timu ya mpigaji kwenye besi ya kwanza. Mrushaji akianza kurusha, mkimbiaji anachomoka kwenda besi ya pili. Hii inaitwa kuiba besi, na ni wizi halali. Mdakaji inabidi adake, ainuke, autoe mpira kwenye glavu na kuutupa futi 127 na ushee, karibu mita 39, hadi besi ya pili. Wadakaji wa ligi kuu hufanya yote hayo, tangu mpira ugonge glavu hadi ufike kule, kwa takriban sekunde 2. Mpigaji akiyumba hatua moja tu mbele ya mkono unaorusha, hesabu imevurugika.

Hapo ndipo kanuni inapoingia. Kwa maneno yangu mwenyewe, inasema hivi: mpigaji akitoka nje ya boksi lake, au akifanya mwendo mwingine wowote unaomzuia mdakaji kwenye kazi yake pale nyumbani, mpigaji ametolewa na wakimbiaji wanarudi walikokuwa. Lakini kama mdakaji, pamoja na kuzuiwa, amefanikiwa kumtoa mkimbiaji, basi tukio linabaki kama lilivyo na mpigaji anaendelea kupiga.

Isome tena polepole. Sentensi hiyo haiulizi mahali popote kama mpigaji alitaka kumzuia mdakaji. Mpigaji aliyezungusha gongo, akakosa mpira, akapepesuka na kuangukia juu ya besi ya nyumbani wakati mdakaji anarusha, huyo ametolewa. Hata kama ni mtu mwema anayewapigia wazazi wake simu kila Jumapili. Upande wa pili, mpigaji aliyesimama ndani ya boksi lake bila kufanya mwendo wa ziada kwa kawaida hahesabiwi kosa, hata kama mdakaji angetamani ayeyuke. Kanuni haimtaki ayeyuke. Inamtaka asiongeze kizuizi.

Mimi naiona sentensi hiyo kuwa nzuri kuliko nyingi zilizomo kwenye katiba zetu za vyama vya michezo. Inamwambia mwamuzi atazame vitu vinavyoonekana: mguu uko wapi, mwili umekwenda wapi, mkono wa mdakaji umezuiwa au haukuzuiwa. Maswali matatu, yote ya macho.

Kila mwaka hujitokeza watu wanaotaka sentensi hiyo ilegezwe. Utawasikia: eti mpigaji hakufanya makusudi, eti alikuwa anamaliza tu mwendo wake, kwa nini aadhibiwe? Jamani, kwenye daladala mtu akikukanyaga na kusema "samahani, sikukusudia", unamsamehe na maisha yanaendelea. Lakini kidole bado kinauma, na hakuna anayetegemea wewe ndiye umlipe nauli kwa kuwa moyo wake ulikuwa safi. Msamaha ni jambo moja na nani abebe hasara ni jambo lingine. Kanuni ya mchezo inashughulika na la pili tu.

Bahati mbaya wanaotaka ulegezaji walishafunguliwa mlango, na mlango wenyewe uko kwenye maelezo yanayofuata kanuni. Yanasema kwamba mpigaji akizungusha gongo kwa nguvu kiasi kwamba linazunguka lote na, kwa maoni ya mwamuzi, bila kukusudia likampiga mdakaji aliye nyuma au likaugonga mpira, basi hiyo si kuingilia. Inahesabiwa straiki tu. Mpira unakuwa umekufa, mkimbiaji haruhusiwi kusogea, na mpigaji anabaki pale pale kusubiri mpira unaofuata.

Yaani: ukimzuia mdakaji kwa nyonga yako, umetolewa. Ukimzuia kwa kumchapa gongo la kichwa, umesamehewa, ilimradi hukukusudia. Mdakaji aliyekuwa ameshaona mkimbiaji anachomoka, ameshainuka, ameshanyanyua mkono, ndiye anayepigwa, halafu nafasi yake ya kumtoa mtu inafutwa. Timu iliyosababisha haipotezi chochote zaidi ya straiki ambayo ingeipata hata hivyo, kwa sababu mpigaji alikwishakosa mpira. Ukihesabu vizuri, adhabu ni sifuri.

Kanuni hiyohiyo ya besiboli inajua kuhukumu bila kuuliza nia inapotaka. Geuza picha: mdakaji ndiye amemwingilia mpigaji. Glavu yake imesogea mbele kidogo na gongo likaigusa. Hapo hakuna mwamuzi anayeuliza mdakaji alikusudia nini. Mpigaji anapewa besi ya kwanza, moja kwa moja.

Tarehe 7 Mei 2024, mdakaji wa St. Louis Cardinals, Willson Contreras, alinyoosha mkono kudaka mpira mbele ya J.D. Martinez wa New York Mets. Gongo la Martinez likampiga mkono wa kushoto na kuuvunja mfupa. Hukumu ikawa nini? Mdakaji ameingilia. Contreras akatoka uwanjani kwenda kutibiwa, Martinez akapewa besi ya kwanza. Na kwa mujibu wa kanuni hukumu ilikuwa sahihi! Silalamikii hukumu hiyo hata kidogo. Glavu ilikuwa mahali ambapo haikutakiwa kuwa, mpigaji alinyimwa nafasi yake, basi apewe fidia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kudai Contreras alikusudia kuvunjwa mkono, na hakuna aliyeuliza.

Sasa niambieni ninyi mnaopenda mantiki. Glavu ikigusa gongo, tunahukumu tendo, hata kama mwenye glavu ndiye aliyevunjika. Gongo likigusa kichwa cha mdakaji anayerusha, ghafla tunageuka wasomaji wa mioyo. Mizani moja ina mawe mawili. Muuzaji wa sokoni akifanya hivyo tunamwita mwizi.

Anayedhani hili ni suala la vitabuni tu akumbuke tarehe 14 Oktoba 1975, mchezo wa tatu wa fainali za World Series, Cincinnati Reds dhidi ya Boston Red Sox, pale uwanja wa Riverfront. Matokeo ni 5 kwa 5, raundi ya 10. Cesar Geronimo wa Reds yuko besi ya kwanza. Anaingia Ed Armbrister, anaugusa mpira kwa gongo taratibu badala ya kuupiga, mbinu ya kumsogeza mwenzake mbele. Mpira unaruka juu hapo hapo karibu na besi ya nyumbani. Mdakaji wa Boston, Carlton Fisk, anauendea. Armbrister, ambaye sasa anapaswa kukimbilia besi ya kwanza, anasita. Wanagongana. Fisk anaupata mpira, anautupa besi ya pili kumwahi Geronimo, mpira unapaa na kupotelea uwanja wa kati. Geronimo anafika besi ya tatu, Armbrister ya pili.

Boston wakaja juu. Mwamuzi wa nyumbani, Larry Barnett, akashikilia: hakuna kuingilia, kwa sababu hakuona nia. Dakika chache baadaye Joe Morgan akapiga, Geronimo akaingia nyumbani, Reds wakashinda 6 kwa 5. Fainali zile zilikwenda hadi mchezo wa saba, na Reds wakachukua ubingwa kwa michezo 4 kwa 3.

Kisheria Armbrister alikuwa ameshapiga, kwa hiyo kesi yake inaangukia kwenye kifungu jirani, cha mpigaji aliyegeuka mkimbiaji. Lakini ugonjwa ni uleule. Kanuni kuu inamtaka mkimbiaji ampishe anayeufuata mpira, basi. Halafu yakaja maelezo ya ziada kwa waamuzi, ambayo leo yamo ndani ya kitabu, kwamba mdakaji na mpigaji anayekwenda besi ya kwanza wakigongana wakati mdakaji anaufuata mpira, kwa kawaida lisihesabiwe kosa. Hoja yenyewe ina mashiko: wote wawili wanaanzia mahali pamoja na kila mmoja ana haki ya kwenda zake. Lakini Armbrister hakuwa anakwenda zake. Alisita. Swali la macho lilikuwa jepesi: alikimbia au alisimama? Barnett akajibu swali jingine, la alikusudia au hakukusudia, na kwa jibu la swali hilo hakuna kamera inayoweza kumsaidia mtu.

Na aliyeumia baadaye ni Barnett mwenyewe. Alipokea vitisho vya kuuawa. Huwezi kuhalalisha unyama wa watu walioandika barua zile. Ila tazama nafasi aliyowekwa. Mwamuzi anayesema "mguu wake ulikuwa nje ya mstari" anaweza kuonyeshwa picha, akathibitishwa au akasahihishwa, yakaisha. Mwamuzi anayesema "sikuona nia mbaya" anaombwa aaminiwe tu, na asiyemwamini ataanza kumtafutia yeye nia mbaya. Anayewapenda waamuzi awapunguzie mzigo huo.

Tuwape nafasi wapinzani, maana hoja zao si za kipuuzi.

Wanasema kwanza kwamba kuzungusha gongo ndiyo kazi ya mpigaji, na gongo lazima lirudi nyuma. Kweli. Na kudaka ndiyo kazi ya mdakaji, na glavu lazima ielekee mbele, lakini kazi yake haikumwokoa Contreras na hukumu. Mpigaji anaweza kuzungusha gongo lake kadiri anavyotaka. Ninachosema ni kwamba likimpiga mtu anayerusha, gharama ibaki kwa mwenye gongo.

Pili, wanasema wadakaji siku hizi wanasogea mbele mno ili waidake mipira ya chini vizuri zaidi, kwa hiyo wanajitakia. Hii naikubali nusu. Mdakaji akisogea mbele na glavu ikaguswa, kanuni tayari inamwadhibu. Huwezi kumtoza faini mara mbili, mara ya kwanza kwa besi ya bure na mara ya pili kwa kumwambia gongo linalorudi likimpasua ni shauri yake.

Tatu, na hii ndiyo nzito, wanasema mdakaji mjanja atajitupa kwenye gongo ili apate hukumu. Na kweli wizi wa besi sasa unafanikiwa mno: baada ya besi kupanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18 na mrushaji kuwekewa kikomo cha kumtega mkimbiaji, besi zilizoibwa zilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023, na zaidi ya majaribio manne kati ya matano yalifanikiwa. Kwa hiyo, wanasema, ukimpa mdakaji mtu wa bure kila anapoguswa, unampa zaidi ya alichopoteza.

Jibu langu ni hili. Dai kwamba mdakaji awe ameanza kurusha kweli, dhidi ya mkimbiaji anayekwenda kweli. Mkono umenyanyuka? Mkimbiaji ametoka? Hayo yanaonekana. Asiyekuwa anarusha hapati kitu. Na kama fidia ni kubwa kuliko hasara, sawa, ndivyo ilivyo kwa upande wa pili pia: mpigaji aliyeguswa na glavu anapewa besi ya kwanza nzima, wakati wapigaji wengi zaidi hushindwa kuliko wanaofika huko. Kanuni imeshakubali kumzidishia aliyezuiwa. Basi izidishe pande zote mbili.

Sisi wasomaji wa fasihi tulishapita njia hii. Mwaka 1946 Wimsatt na Beardsley walichapisha insha yao maarufu wakidai kwamba nia ya mwandishi si kipimo cha kupimia shairi, kwa kuwa haipatikani kwa uhakika na wala haitakiwi. Wengi humu mmegombana juu ya insha ile hadi usiku wa manane. Nami nakiri kwenye ushairi jambo hili lina pande nyingi. Msomaji wa shairi ana miaka, ana barua za mshairi, ana rasimu, anaweza kusoma mara ishirini na kubadili mawazo. Mwamuzi ana kufumba na kufumbua. Kama nia inatushinda sisi wenye muda wote duniani, kwa nini tumtwishe yeye?

Sisemi nia haina nafasi kabisa. Kuna mtu aliyelijua hili vizuri kuliko mimi, naye alikuwa mwenzetu. A. Bartlett Giamatti alikuwa mwalimu wa fasihi ya zama za Renaissance, akawa rais wa Chuo Kikuu cha Yale, kisha rais wa National League, na mwaka 1989 kamishna wa besiboli nzima, miezi mitano tu kabla hajafariki. Mwaka 1987 aliletewa rufaa ya mrushaji Kevin Gross, aliyekutwa na msasa ndani ya glavu yake. Katika uamuzi aliouandika, Giamatti alitenganisha mchezaji anayelipuka kwa hasira katikati ya pambano na mchezaji anayekaa chini, akapanga, akadanganya kwa utulivu. Rufaa akaitupa. Hapo nia ilipimwa, na ilipimwa mahali pake: mezani, kwa ushahidi, kwa muda wa kutosha, na swali likiwa ni adhabu ya mtu. Besi hazikuwa zinasubiri jibu.

Huo ndio mgawanyo ninaoutaka. Mpigaji akimpiga mdakaji kwa makusudi, apewe mwamuzi mamlaka ya kumtoa nje, na wenye ligi wamfungie. Mpigaji akimpiga bila makusudi wakati mdakaji anarusha, asifungiwe, asitukanwe, asiitwe mchezaji mchafu. Ila ametolewa, na mkimbiaji wake arudi.

Msiniambie kanuni hazibadiliki. Kwenye mchezo wa sita wa fainali za 2019 huko Houston, Trea Turner wa Washington Nationals alihukumiwa kuingilia kwa sababu hakukimbia ndani ya njia iliyochorwa kuelekea besi ya kwanza. Kocha wake, Dave Martinez, alikasirika hadi akatolewa nje. Washington walishinda 7 kwa 2 hata hivyo, lakini kelele hazikuisha, na kuanzia msimu wa 2024 njia ile ilipanuliwa ikaingiza na udongo wa upande wa ndani wa mstari, hadi kwenye nyasi. Ona walivyotengeneza. Hawakusema "mkimbiaji asihukumiwe kama hakukusudia". Walisogeza mpaka. Waliacha kosa lipimwe kwa macho, wakachora mahali bora zaidi pa kupimia.

Wafanye hivyohivyo hapa. Wafute maneno ya kukusudia kwenye maelezo ya gongo linalorudi, waandike tu kwamba gongo likimgusa mdakaji aliyekwisha kuanza kurusha dhidi ya mkimbiaji anayeiba, ni kuingilia kama kuingilia kwingine. Kama hakuna anayeiba, iwe straiki na maisha yaendelee. Na kwenye mgongano wa mpigaji na mdakaji, waandike kwamba anayekimbilia besi ya kwanza ana kinga, aliyesimama hana.

Afrika Mashariki wengi tulimfahamu mdakaji ni nani kupitia video za Dennis Kasumba, yule kijana wa Uganda aliyekuwa akijifua mtaani kwa vifaa vya kuokoteza, hadi mwaka 2023 akaitwa kuchezea Frederick Keys kwenye ligi ya MLB Draft. Rudieni video zile. Mtu anachuchumaa, anainuka, anarusha. Anachuchumaa, anainuka, anarusha. Mamia ya marudio kwa ajili ya zile sekunde 2. Kanuni inayomwambia mtu huyo kwamba sekunde zake zinaweza kufutwa bure, kwa kuwa aliyezifuta hakuwa na nia mbaya, imemsoma mpigaji kwa huruma kubwa na haikumsoma mdakaji kabisa.